Kodi ya mnada ipo, bei bado zinapaa: niiongeze?

fundi_seva

Wakuu, habari za jioni. Nina seva ya Minecraft, ile ya kuchimba, kujenga na kufanya biashara. Si kubwa: jioni huwa na watu thelathini hivi, wikiendi wanaongezeka. Tuna sarafu zetu za ndani, mnada wa wachezaji, na duka la seva linalonunua mazao kwa bei isiyobadilika: muwa sarafu 2, pande la chuma 6, na kadhalika. Duka halina kikomo, ukileta linanunua. Almasi halinunui wala haliuzi, hizo ni za mnadani.

Msimu ulipoanza almasi ilikuwa 60. Leo ni 900. Kitabu cha Mending (kile kinachofanya kifaa kijikarabati) kilikuwa 4,000, juzi kimekwenda kwa 61,000 na bado watu walikigombania. Mgeni anaingia na sarafu zake 500 za kuanzia, anafungua mnada, anatazama bei, anatoka na harudi tena. Hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Wakongwe hawana neno, wao wana mamilioni.

Niliweka kodi ya 5% kwa kila kinachouzwa mnadani, nikitegemea itapunguza pesa mikononi mwa watu. Bei zikatulia kidogo, kisha zikaendelea na safari. Wasaidizi wangu sasa hawaelewani. Mmoja anataka kodi iwe 20%. Wa pili anataka kodi ya utajiri, kila Jumapili tukate 3% kwa yeyote mwenye zaidi ya milioni moja. Wa tatu anasema tufunge kabisa idadi ya sarafu, zilizopo ndizo hizo hizo zizunguke.

Mimi si mchumi, ni fundi wa seva tu. Nyie mliokaa kwenye gemu zenye masoko makubwa, kodi hizi huwa zinafanya kazi kweli au ni kusumbua watu?

zimwi_la_shaba

Weka 30% ufunge mjadala. Black Desert wanakata 35% sokoni na watu hawajahama. Mchezaji analalamika siku mbili, ya tatu kasahau.

dalali_wa_jita

Zimwi, ile 35% inasimama kwa sababu Black Desert karibu kila biashara lazima ipite sokoni, huna pa kukimbilia, na mwenye kifurushi cha kulipia anarudishiwa sehemu kubwa ya makato. Minecraft nikitaka kukwepa kodi ya mtu nakutupia kitabu miguuni, nawe unanitupia almasi, tumemaliza. Mnada hautajua kitu. Ukifikisha 30% utaona mnada mtupu na gumzo limejaa "nitafute pembeni".

Sasa fundi. Nimefanya udalali ndani ya EVE Online, gemu ya meli za anga, kwa muda mrefu kuliko nilivyodumu kwenye ajira yoyote ya mshahara, na Old School RuneScape naingia kuangalia bei hata siku ambazo sina mpango wa kucheza. Kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Tuanze na kujua ugonjwa ni upi. Bei ikipanda, ama bidhaa imeadimika ama pesa imeshuka thamani, na dawa za hayo mawili hazifanani. Chukua namba ulizoweka mwenyewe. Mwanzo wa msimu kitabu cha 4,000 kwa almasi ya 60 kilikuwa sawa na almasi 67 hivi. Leo 61,000 gawanya kwa 900, unapata almasi 68. Kati ya kitabu na almasi hakuna kilichosogea! Kilichoporomoka ni sarafu yako, mara kumi na tano. Ninakutabiria pia kwamba wakongwe wako wameshaanza kutajiana bei kwa almasi wanapouziana vitu vya maana. Diablo II ilifika huko zamani sana: dhahabu ikawa takataka, watu wakawa wanauziana kwa pete ya Stone of Jordan, pete nazo zilipoanza kunakiliwa kwa hila wakahamia kwenye runi, vijiwe vya nguvu vya gemu hiyo. Wachezaji wakiona pesa haiwafai huchagua nyingine, na hawakuombi ruhusa.

Kwa hiyo swali la asilimia ngapi linakuja baadaye. La kwanza ni sarafu zinazaliwa wapi na zinafia wapi. Sisi wa EVE tunasema bomba na shimo. Bomba linaingiza pesa ambayo haikuwepo, shimo linaitoa isionekane tena. Watengenezaji wa EVE waliajiri mchumi kabisa mwaka 2007, na mpaka leo wanatoa ripoti ya kila mwezi inayoonyesha kila bomba limetoa ISK (pesa ya EVE) ngapi na kila shimo limemeza ngapi. Wewe huhitaji mchumi, una logi, kumbukumbu za seva.

Bomba ninaloliona kwako ni duka. Sanduku moja la shulker lina nafasi 27, kila nafasi miwa 64, jumla miwa 1,728. Kwa sarafu 2 kila mmoja hizo ni 3,456. Mwenye shamba la pistoni, linalojivuna lenyewe, anajaza sanduku hilo akiwa amelala, kompyuta inawaka, yeye anakoroma. Halafu linganisha: kile kitabu cha 61,000, mauzo yaliyokushangaza hata ukayaleta hapa, kodi yake kwa 5% ni 3,050. Yaani mauzo makubwa kabisa ya mnada wako hayajafuta hata sanduku moja la miwa la mtu mmoja. Na kwa kuwa bei ya muwa imegandishwa kwenye 2 huku vingine vyote vinapanda, mkulima akiona mapato yake hayatoshi hafanyi jambo lingine ila kupanua shamba. Umemlipa azidi kukuzalishia mfumuko wa bei.

Jambo moja watu hulikosea sana: wanadhani vitu vikiharibika pesa nayo imeharibika. Januari 2014, kwenye vita vya B-R5RB ndani ya EVE, ziliteketea meli ambazo ukizipiga kwa thamani ya pesa halisi zilikadiriwa dola 300,000 hivi. Waliokuwa nje wakasema uchumi wa EVE umepoteza mabilioni na matrilioni. ISK haikupotea pale. Mjenzi wa meli alishalipwa siku nyingi, ISK zake yuko nazo. Kilichoungua ni madini. Tena bima ya meli ikilipa, zinazaliwa ISK mpya kutoka hewani, maana kule bima ni bomba. Vita inaua bidhaa na kuongeza pesa. Kwako ni kinyume kidogo, bidhaa hazifi: ukishakuwa na Mending, sururu yako ni ya milele. Ndiyo maana kile kitabu kinagombaniwa, kinatunza thamani kuliko sarafu.

Nina swali moja tu, na usilijibu kwa kubahatisha. Hiyo 5% unayokata, ikishakatwa inakwenda wapi?

fundi_seva

Ahsante sana mkuu. Hilo la almasi 67 na 68 limenishtua, sikuwahi kuzigawanya.

Kodi inaingia kwenye akaunti inaitwa Hazina. Tunaitumia kwa zawadi za mashindano ya Jumamosi, na ikibaki tunawagawia wageni. Niliona si haki kuwakata watu halafu pesa ipotee bure.

Nimefungua logi za jana kama ulivyosema:

Duka la seva lililipa wachezaji 171,000, kubwa humo ni miwa na chuma.
Mnada uligeuza 290,000, kodi 14,500.
Kisha kuna benki. Plagini tuliyoiweka inalipa riba ya 2% kwa siku kwa mwenye amana, ilikuja hivyo na tukaiacha kwa sababu inawavutia watu waingie kila siku. Amana zote ni kama milioni 9.6, riba ya jana 192,000.

dalali_wa_jita

Riba 2% KWA SIKU? Fundi, hiyo uliificha wapi muda wote huu!

Hebu tupige hesabu ya jana. Zimezaliwa 171,000 dukani na 192,000 benki, jumla 363,000. Kodi imekusanya 14,500, na hizo nazo Jumamosi zinarudi mtaani zikiwa zawadi, kwa hiyo zilizokufa ni sifuri. Tuseme ungezifuta zote: ungekuwa umeua asilimia nne tu ya zilizozaliwa. Msaidizi wako wa 20% angepata 58,000, ikiwa hakuna hata mmoja aliyekwepa. Na angalia hii: ukiweka kodi ya 100%, uchukue kila sarafu iliyopita mnadani jana, umepata 290,000. Bado zinazaliwa nyingi kuliko hizo. Hakuna asilimia duniani itakayokutoa hapo.

Riba ya 2% kwa siku inarudufu amana kwa siku 35. Mwenye milioni hachimbi, halimi, hauzi, anangoja. Na msaidizi wako wa kodi ya utajiri, mwambie kwa upole kwamba mnawalipa matajiri karibu 15% kwa wiki halafu anataka Jumapili muwakate 3%.

Kuhusu Hazina, nakuelewa, inaonekana ni uungwana kurudisha. Ila kodi inayorudi mtaani inahamisha pesa kutoka mfuko huu kwenda ule, haipunguzi kitu. Ukitaka iguse bei lazima sarafu zife. Old School RuneScape walipoanzisha kodi ya 1% kwenye Grand Exchange, soko lao kuu, Desemba 2021, waliweka kikomo cha milioni 5 kwa kila kitu kimoja, vitu vya bei ndogo kabisa vikasamehewa. Sehemu ya makusanyo wakawa wanaitumia kununua vitu pale pale sokoni na kuvifuta. Nimeipenda hiyo kuliko kodi nyingine yoyote niliyowahi kulipa, na nimelipa nyingi. Mwaka 2025 wakaipandisha hadi 2%, kelele zilikuwepo, soko likaendelea. Ilikuwa kodi ndogo, pana, ngumu kuikwepa kwa sababu kutafuta mnunuzi mwenyewe kunachosha kuliko kulipa 2%.

Jirani zao wana viwango vikubwa zaidi: World of Warcraft (WoW) wanakata 5% kwenye mnada, Guild Wars 2 inafika 15% ukijumlisha ada ya kuorodhesha na ya mauzo. Albion nayo inakata 8% kwa asiyelipia na 4% kwa anayelipia, juu yake ada ya kuweka oda 2.5%. Hizo zote zinavumilika kwa sababu soko linakurahisishia kazi. Mchezaji anapima: ada dhidi ya usumbufu. Mnada wako ukiwa mzuri, 5% hiyo hiyo iache. Usiipandishe.

binti_wa_kikosi

Naomba niingilie kabla dalali hajamaliza kuwatisha watu. Nakubaliana na hesabu zake, ila ninyi wawili mnaelekea kufunga mabomba yote usiku mmoja, na mimi nimewahi kucheza mahali ambako pesa iliadimika. Si pazuri hata kidogo.

New World ilipotoka mwaka 2021, wiki za kwanza watu walikuwa na sarafu za misheni, kila mtu anafurahi. Misheni zikaisha, sarafu zikaanza kukauka, lakini gharama zilikuwa pale pale: kukarabati silaha, kodi ya nyumba. Juu ya hapo kikosi kinachotawala eneo ndicho kilichopanga kodi ya biashara, ada ya kutengeneza vitu na kodi ya nyumba, na mapato yakaingia kwenye mfuko wa kikosi. Mimi nilikuwa kwenye kikosi kimojawapo, na mikutano yetu ilikuwa ya kubishana kodi tu. Tukipandisha, mafundi wanahamia mji wa jirani kutengeneza vitu vyao. Tukishusha, hatuwezi kuutunza mji. Wakati huo huo vitu sokoni vinashuka bei kila ukiamka, kwa hiyo hakuna anayenunua leo kwa sababu kesho ni rahisi zaidi. Watu wakaanza kubadilishana magogo kwa ngozi kwenye gumzo. Halafu Novemba ikaja hila ya kunakili dhahabu, ikabidi wazime kila njia ya kuhamisha mali, pamoja na soko. Siku hizo ulikuwa unaingia, unachimba, unaweka ghalani, unatoka.

Kwa hiyo fundi, jiulize nani anauza miwa kwa mkono. Si yule wa pistoni. Ni mgeni, yule yule unayetaka abaki. Ukiifuta bei ya muwa dukani umemnyima kibarua cha kwanza. Weka kikomo kwa kila mchezaji kwa siku, labda sarafu 2,000 au 3,000, akifika hapo duka linamwambia rudi kesho. Mgeni hatakigusa, mwenye shamba atakigonga kabla ya chai. Naye atafungua akaunti za pili na tatu, usijidanganye, kwa hiyo kikomo kiende na muda wa kucheza kwa vitendo, siyo kusimama tu.

Na lile la kufunga idadi ya sarafu, msaidizi wa tatu aliyeleta wazo, dalali unalisemaje? Mimi naona ni New World kwa makusudi.

dalali_wa_jita

Binti, uko sahihi na nilikuwa naelekea huko huko, ila kikomo cha kila mtu kwa siku nakipokea kama kilivyo, ni bora kuliko nilichokuwa nacho (mimi ningeifanya bei ya duka ishuke kadiri linavyonunua, na plagini za aina hiyo zipo, lakini hapo mgeni angeumia kwa miwa ya mkongwe).

Kufunga idadi kulishajaribiwa. Ultima Online ilipoanza mwaka 1997 walijenga uchumi wa mzunguko: rasilimali za dunia nzima zilikuwa na jumla yake, na kitu kipya kinazaliwa pale tu kingine kinapotumika au kuharibika. Kwenye karatasi ni safi. Wachezaji wakafanya wanachofanya siku zote, wakalimbikiza. Mashati, ngozi, chuma, kila nyumba ikawa ghala. Dunia ikabaki haina cha kuzalisha kwa sababu kila kitu kimo sandukuni mwa mtu, na mpango ukaachwa. Kwako itakuwa mbaya zaidi: mwenye milioni mbili akiacha kucheza, anaondoka nazo. Jumla uliyoifunga inapungua bila wewe kugusa, na huna njia ya kuirudisha.

Kodi ya utajiri kwa Minecraft sikushauri, hata riba ikiondoka. Jumamosi usiku matajiri watanunua almasi, Jumapili unakuta wote wana 999,999, Jumatatu wanauza. Utakuwa umetengeneza siku ya wiki ambayo bei ya almasi inaruka, na dalali kama mimi angekushukuru sana.

Unachohitaji ni mashimo ambayo watu wanayapenda. WoW mwaka 2018 waliweka yule brutosaur, mnyama wa kupanda mwenye dalali wa mnada mgongoni, dhahabu milioni 5, na anayemuuza si mchezaji, ni mhusika wa gemu. Hiyo dhahabu ikilipwa imekwisha. Walipotangaza kwamba 2020 ataondolewa kwa muuzaji yule, watu walikimbizana kukamilisha milioni zao. Hakuna aliyeiita kodi! Matajiri walilipa wenyewe, kwa hiari, ili waonekane wamepanda mnyama ambaye wengine hawana. Wewe uza nafasi za maduka mbele ya lango kuu, kwa zabuni, kila wiki upya. Uza rangi ya jina. Uza ardhi yenye kodi ya pango. Sarafu zifutwe, Hazina isizione.

Ukiweka ada, iwe asilimia au zabuni kila inapowezekana. Ada ya kurukia nyumbani ya sarafu 20 ilikuwa theluthi ya almasi mwanzo wa msimu. Leo si kitu. Tarakimu iliyogandishwa inaliwa na mfumuko ule ule unaotaka kuuzuia, ilhali 5% inapanda pamoja na bei bila wewe kuhariri faili. Hapo ndipo kodi yako ya mnada ina kazi kweli: mabomba yakishapunguzwa, yenyewe inasaidia kuyashika. Ila izifute sarafu.

Kingine, usitegemee bei kurudi 60. Milioni 9.6 bado zipo. Ukifanya haya yote bei zitasimama, na hilo linatosha kwa msimu huu. Path of Exile wanaanzisha ligi mpya kila baada ya miezi michache, kila mtu anaanza bila kitu, na hata sarafu zao ni vifaa vinavyotumika vikaisha: ukitaka kuboresha silaha unaitumia ile ile uliyopokea kama malipo. Sijaona pesa iliyotengenezwa kwa akili kama ile. Wewe nawe una misimu, kwa hiyo makosa ya uchumi huu yana tarehe ya mwisho. Mgeni wa sasa usimwongezee sarafu, hizo ni bomba jingine. Mpe vitu: sururu ya chuma, ngao, chakula, visivyouzika.

fundi_seva

Wakuu nimewaelewa. Riba naizima. Kikomo cha duka kwa kila mchezaji nakiweka, Hazina naibadilisha iwe inafuta, zawadi za Jumamosi tutatoa vitu na vyeo. Zabuni za lango kuu wasaidizi wangu wameipenda kuliko yote, tayari wanagombana nafasi ziwe ngapi.

Swali la mwisho: niwatangazie mapema kuhusu riba, au nizime tu? Kuna watu walikuwa wanajivunia amana zao.

zimwi_la_shaba

Zima, kisha tangaza. Ukiwapa wiki nzima ya kujiandaa watatoa zote benki kwa pamoja na kununua kila almasi iliyopo mnadani, utaona almasi ya 2,000.

binti_wa_kikosi

Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na zimwi. Ila kikomo cha duka kitangaze siku kadhaa kabla, huko hakuna madhara, zaidi watamimina miwa ya akiba waliyonayo. Na tangazo la riba liwe na zile namba za jana, 363,000 dhidi ya 14,500. Watu wakiziona watabisha kidogo kuliko ukiwaandikia "kwa manufaa ya wote".

dalali_wa_jita

Nami niko nao. Kabla ya kuizima lakini, pangilia amana kuanzia kubwa kwenda ndogo na uangalie ni za nani. Plagini ya riba haijui nani bado anacheza.

fundi_seva

Nimeangalia sasa hivi. Kati ya kumi wa juu, wanne hawajaingia tangu msimu uanze kuchangamka, na wawili ni akaunti nilizozifungia kwa kutumia boti (programu inayocheza badala ya mtu) kwenye shamba la chuma. Riba ya jana wamelipwa.

zimwi_la_shaba

😂😂😂